Limau linang'oa ukoko wa birika lakini linaua sabuni. Nani anaweza kueleza?

#1 MjukuuWaChilonwa
Wakuu habari. Niko Dodoma mjini, na bomba likikata tunaishi kwa maji ya kisima. Maji yenyewe mnayajua: unasugua sabuni ya mche mpaka mkono uchoke ndipo povu lionekane, na beseni linabaki na utando wa kijivu pembeni.

Jirani akanishauri nikamulie limau kwenye maji kabla ya kufua, eti linakata chumvi. Nikaona ana hoja, maana limau hilohilo ndilo tunalong'olea ukoko mweupe ndani ya birika, na ukoko unatoka kweli, unauona unachemka na kupotea. Basi nikakamua malimau mawili kwenye beseni la lita 10, nikamimina sabuni niliyoikwangua na kuivuruga kwa maji ya moto. Povu lote likafa. Maji yakawa meupe kama maziwa, vikaanza kuelea vipande vidogo vinavyoteleza ukivisugua kwa vidole, vina harufu ya mafuta ya zamani. Shati langu jeupe limetoka na mabaka yanayonata.

Swali: kitu kinachoyeyusha ukoko mgumu wa birika kinashindwaje kuelewana na sabuni, ambayo kuyeyuka ndiyo kazi yake? Wenye kemia karibuni.

#2 Boda_AreaC
Nimeweka kambi hapa, ngoja waje.

#3 Mwl_Kongwa
Sabuni ya mche ni chumvi. Si ya mezani. Ni chumvi inayopatikana asidi za mafuta (stiariki, palmitiki, oleiki na nyinginezo) zikikutana na kostiki (soda kali ya kutengenezea sabuni). Molekuli yake ina mkia mrefu wa kaboni usiopatana na maji, na kichwa chenye chaji hasi. Kichwa hicho ndicho kinachoivuta molekuli nzima iingie majini. Ukileta asidi, hidrojeni inakwenda kukaa kichwani, chaji inatoweka, unabaki na asidi ya mafuta yenyewe, na hiyo haiyeyuki kwenye maji. Stiariki haiwi kimiminika mpaka ifike nyuzi 69, ndiyo maana umeona vipande.

Ukoko wa birika ni kaboneti ya kalsiamu. Asidi inaivunja kaboneti, inatoka kaboni dayoksaidi (ndiyo yale mapovu), na kalsiamu inabaki kwenye maji. Kwa hiyo limau halina tabia mbili. Linafanya jambo moja tu, kutoa hidrojeni. Kinachotofautiana ni anayeipokea.

Darasani nawapa hivi: mchanganyiko wa kikaboni wenye asili ya asidi huingia majini ukipewa besi (kinyume cha asidi, kama kostiki), na wenye asili ya besi huingia majini ukipewa asidi. Ukigeuza, vyote vinatoka.

#4 FundiMaji_Makole
Mwalimu nakuheshimu, ila umeirukia asidi ukayasahau maji yenyewe. Huo utando wa kijivu anauona hata siku asizotia limau. Ile ni sabuni ya kalsiamu. Kalsiamu ina chaji mbili chanya, inadaka vichwa viwili vya sabuni kwa mpigo, na kinachotoka hapo hakiyeyuki hata kidogo.

Tupige hesabu. Chukulia maji yana alikali (uwezo wa kumeza asidi, unaotokana na bikaboneti iliyomo) ya miligramu 300 kwa lita, ikihesabiwa kama kaboneti ya kalsiamu. Hizo ni milimoli (kipimo cha kuhesabu chembe) 6 za bikaboneti kila lita, beseni zima 60. Limau la wastani linatoa juisi kama mililita 40, asidi sitriki tuseme asilimia 5, yaani gramu 2, ambazo ni milimoli 10. Kila molekuli ya sitriki ina hidrojeni 3 za kutoa, malimau mawili yanakupa 60. Umeona? Asidi yote imeishia kwa bikaboneti, ikatoka gesi. Kalsiamu imebaki palepale ikiisubiri sabuni.

#5 Mwl_Kongwa
#4 hesabu yako iko sawa, hitimisho ndilo silikubali. Maji yaliyokwisha kumalizwa bikaboneti yake kwa sitriki na kujaa kaboni dayoksaidi hayabaki na pH ya 8 (pH ni kipimo cha uasidi, namba ikishuka asidi imeongezeka). Yanashuka kuelekea 6 na chini yake. Sabuni haisubiri maji yachachuke ndipo ivurugike; ikishuka chini ya 9 tu inaanza kutoka, nusu asidi nusu chumvi. Limau limetosha.

#6 FundiMaji_Makole
Na utando wa siku asizotia limau unauelezaje?

#7 MamaTausi_Majengo
Wanangu, wakati mnabishana nguo zinalowa. Sisi tangu kwa bibi zetu ukitaka kufua kwa maji ya kisima unatia magadi kidogo jioni, unakoroga, unaacha. Asubuhi chini kuna unga mweupe, unachota ya juu taratibu. Sabuni inatoa povu vizuri kabisa. Ni magadi haya haya ya mlenda, pale sokoni Majengo yamejaa.

#8 FundiMaji_Makole
Mama umemaliza. Kaboneti iliyo kwenye magadi inaikamata kalsiamu inashuka nayo chini. Huo unga mweupe ni mdogo wake ukoko wa birika. Hoja yangu imepata shahidi.

#9 Mwl_Kongwa
Shahidi wa wote wawili. Magadi ni besi pia, yanakifanya kichwa cha sabuni kibaki na chaji yake. Yameondoa kalsiamu na yameondoa uwezekano wa asidi kwa wakati mmoja, kwa hiyo hayawezi kutuamulia.

#10 Alizeti_Singida
Mimi nimefanya kazi kwenye kiwanda cha kusafisha mafuta ya alizeti, naomba niseme ninachokijua kwa mikono. Mafuta ghafi yanakuja yakiwa na asidi huru za mafuta, hasa kama mbegu zilikaa na unyevu. Asidi hizo zinayapa ukali kooni na yanatoa moshi mapema kikaangoni. Huwezi kuziondoa kwa maji, kwa sababu nazo ni mafuta. Huwezi kuzichuja. Tunachofanya ni kupima asidi kwanza, tunapiga hesabu ya kostiki, tunaimimina mafuta yakiwa ya moto huku mashine inakoroga. Ghafla unaona yanakatika: vinatokea vijidonge vya kahawia, vinakua, vinazama. Ni sabuni hiyo. Asidi zilizokuwa zimejificha ndani ya mafuta zimepata chaji, hazitaki tena kukaa na mafuta, zinafuata maji. Unatoa uchafu ule chini, unaosha mafuta kwa maji ya moto, yanabaki angavu.

Sasa sikilizeni upande wa pili. Ule uchafu wa sabuni hautupwi. Unatiwa asidi ya salfuriki na kuchemshwa, na juu inapanda asidi ya mafuta nyeusi, inauzwa kwa matumizi mengine. Yaani MjukuuWaChilonwa, beseni lako limefanya kile kile kinachofanyika kwenye pipa letu, ila wewe hukukusudia.

Namuunga mkono mwalimu.

#11 Boda_AreaC
Kumbe mafuta ya kupikia yanapitia kostiki? Tumekula sana.

#12 Alizeti_Singida
#11 kostiki inaishia kwenye sabuni, na sabuni inaoshwa. Yanayobaki yanapimwa. Kula chapati zako bila wasiwasi mkuu.

#13 Sita_PCB
Shikamooni walimu. Mada imekuja wakati wake, sisi tuko kwenye maandalizi ya vitendo. Tulipewa unga mweupe wa aina mbili bila majina. Hakuna hata mmoja ulioyeyuka kwenye maji baridi. Tulipotia bikaboneti ya sodiamu mmoja ukatoa povu ukapotea kabisa, mwingine ukakaa tu. Tulipotia kostiki, na ule wa pili ukapotea. Nilijibu kwamba wa kwanza ni asidi ya benzoiki na wa pili ni naftoli. Ninachotaka kuelewa ni kwa nini bikaboneti inabagua.

#14 Mwl_Kongwa
Umejibu vizuri. Linganisha nguvu. Asidi ya benzoiki ina pKa (kipimo cha nguvu ya asidi, ikiwa ndogo asidi ina nguvu zaidi) ya 4.2. Asidi ya kaboniki, ambayo ndiyo inayopatikana bikaboneti ikipokea hidrojeni, ni kama 6.4. Naftoli ni kama 9.5. Benzoiki ina nguvu kuliko kaboniki, kwa hiyo inaisukumia bikaboneti hidrojeni yake, gesi inatoka, nayo inageuka chumvi yake, benzoeti. Naftoli ni dhaifu kuliko kaboniki, haiwezi kuisukuma. Kostiki ni besi kali, haikatai mtu.

Na uangalie ukubwa wa tofauti: asidi ya benzoiki inayeyuka kama gramu 3 kwa lita ya maji yenye joto la kawaida, benzoeti ya sodiamu inazidi gramu 500. Ukimaliza, dondoshea asidi ya haidrokloriki polepole, utaona theluji nyeupe inarudi. Chuja hiyo, ndiyo benzoiki yako.

#15 Nesi_Mpwapwa
Haya mambo tunayafanya wodini kila siku ila wengi hawajui kuwa ni kemia. Sindano ya artesuneti ya malaria kali inakuja na kichupa cha unga mkavu, na pembeni kichupa kidogo cha bikaboneti ya sodiamu ya asilimia 5. Ule unga ni asidi, ukiupiga maji matupu haukubali. Unavuta mililita moja ya bikaboneti, unaingiza kwenye unga wa miligramu 60, unatikisa. Mwanzoni panakuwa na ukungu na vipovu, unaendelea kutikisa mpaka pawe angavu kabisa. Hapo ndipo unaongeza maji ya chumvi au glukosi kwa kipimo na kumpa mgonjwa papo hapo, kwa sababu ikikaa inaharibika. Palipobaki na ukungu hatutoi sindano hiyo.

Kwinini ilikuwa kinyume chake. Kwinini ni besi, yenyewe majini inayeyuka kwa shida, chini ya gramu moja kwa lita, ndiyo maana iliyokuwa kwenye sindano ni chumvi yake iliyotokana na asidi ya haidrokloriki. Dawa mbili za ugonjwa mmoja, moja inaingizwa majini kwa besi na nyingine kwa asidi. Kanuni ya mwalimu #3 imekaa hapo yote.

#16 Sita_PCB
#15 asante sana dada, hii nitaiandika kwenye daftari.

#17 Mfamasia_Manyoni
Naongezea la Nesi: msije mkaanza kusaga vidonge na kuvitia magadi nyumbani. Aspirini kweli inaingia majini haraka ukiipa bikaboneti, lakini magadi ya sokoni hayana kipimo, na baadhi yana floridi nyingi. Meno ya kahawia ya watoto kwenye baadhi ya maeneo yetu chanzo chake ni floridi ya maji, na magadi yanaweza kuongeza juu yake.

#18 MamaTausi_Majengo
Hapo kwenye mlenda mtaniwia radhi. Mlenda bila magadi sio mlenda.

#19 Mfamasia_Manyoni
Kidogo mama, kidogo. Magadi mengi yanaua pia vitamini B1.

#20 Mzee_Bahi
Vijana, sisi wazee ugoro wetu unasagwa na magadi. Usipotia magadi unavuta puani unakuta ni vumbi tu, hausikii kitu. Ukitia, kichwa kinafunguka mara moja. Nimewasoma hapa, naona magadi yanaiyeyusha ile dawa ya tumbaku. Nimeelewa sawasawa?

#21 Sita_PCB
Shikamoo babu. Kwa kanuni ya mwalimu nadhani inakuwa kinyume: nikotini ni besi, ukiipa magadi inatakiwa isiyeyuke.

#22 Mfamasia_Manyoni
Mzee shikamoo. Mjukuu amekaribia ila hajafika. Nikotini isiyo na chaji inachanganyika na maji vizuri tu kwenye joto la kawaida, ni moja ya zile ambazo kanuni ya darasani haizibani. Kinachobadilika ni upande wa mafuta. Ngozi laini ya ndani ya pua imejengwa kwa mafuta, na chembe yenye chaji haipiti kirahisi. Ndani ya tumbaku nikotini imeshikana na asidi za jani, ina chaji. Magadi yanainyang'anya hidrojeni, chaji inaondoka, inapenya puani kwa sekunde. pKa yake ni kama 8, na magadi yanavuka hapo kwa urahisi. Ndiyo sababu ugoro wa magadi unashika haraka kuliko majani matupu, na ndiyo sababu pia ni mgumu kuuacha, mzee wangu.

#23 Mzee_Bahi
Marahaba. La kuacha tutaliongea siku nyingine.

#24 Zabibu_Hombolo
Nimesoma yote nimeona kanuni ya mwalimu inasifiwa sana, naleta kesi inayopingana nayo. Mimi nalima zabibu na nasindika mvinyo kidogo. Asidi kubwa ya zabibu ni tataiki. Asidi hiyo ikiwa peke yake inayeyuka majini kupita kiasi, zaidi ya kilo moja kwa lita. Sasa inapokutana na potasiamu iliyomo kwenye zabibu na kupoteza hidrojeni moja, inakuwa chumvi. Kwa mujibu wa #3 ilitakiwa izidi kuyeyuka. Lakini inatoka! Unakuta fuwele zimeshika chini ya chupa na kwenye kizibo, hasa mvinyo ukikaa kwenye baridi. Wateja wananirudishia wakidhani ni vipande vya chupa. Majini inayeyuka kama gramu 6 tu kwa lita, na kileo kinaishusha zaidi.

Ukiendelea kuiongezea besi mpaka ipoteze hidrojeni ya pili, inarudi kuyeyuka vizuri. Yaani katikati ndipo pabaya. Chaji peke yake haitoshi kueleza.

#25 FundiMaji_Makole
#24 nakupa soda. Hicho ndicho ninachosema tangu #4. Lazima uangalie chaji imeshikana na nani. Sabuni ya sodiamu inayeyuka, sabuni ya kalsiamu haiyeyuki, na zote ni chumvi.

#26 Mwl_Kongwa
Kesi nzuri. Kanuni ya #3 ni ya molekuli kubwa isiyopatana na maji inayopata chaji kwa mara ya kwanza, huku mwenzake akiwa sodiamu. Tataiki ilikuwa inapatana na maji tangu mwanzo, haikuhitaji kusaidiwa. Fuwele zenyewe zikijipanga vizuri zinakuwa na nguvu ya kushikana kuliko maji yanavyoweza kuzitenganisha. Lakini bado kwenye beseni la ndugu yetu nasema ni asidi.

#27 Sabuni_Changombe
Natengeneza sabuni za mche hapa Chang'ombe. Nyote mmeongelea sabuni ya kwenye vitabu. Mche wa bei nafuu una silikati ya sodiamu, inaupa ugumu na uzito, na mwingine una kaolini (udongo mweupe). Silikati ikionja asidi inatoa jeli nyeupe ya silika. Haiyeyuki majini, haiyeyuki kwenye mafuta. Sehemu ya huo weupe ni hiyo.

Pia msisahau chumvi ya kawaida. Sisi tukitaka sabuni ijitenge na maji na gliserini tunamwagia chumvi ya mezani, sabuni inapanda juu yenyewe bila asidi wala kalsiamu. Maji ya Bahi kule yana chumvi unaionja mdomoni.

#28 FundiMaji_Makole
La silikati silipingi. La chumvi ya mezani hapana: kutenga sabuni kunahitaji maji ya chumvi kali kweli kweli, ambayo hakuna mtu angekunywa. Maji ya kisima hayafiki huko.

#29 MjukuuWaChilonwa
Mrejesho wakuu. Nilikuwa na maji ya mvua niliyokinga kwenye simtanki, hayo hayana ukoko kabisa. Nikachukua glasi mbili, moja ya mvua na nyingine ya kisima, sabuni ileile, limau lilelile.

Glasi ya mvua: kabla ya limau povu lilifurika. Baada ya limau, weupe uleule. Nikaisimamisha ndani ya sufuria ya maji yanayochemka. Juu likakusanyika tabaka la mafuta ya njano, angavu, na yalipopoa yakaganda yakawa kigumu unachoweza kukwangua kwa kucha. Chini kukabaki unga mweupe ambao haukupanda wala kuyeyuka.

Glasi ya kisima: tabaka la juu jembamba zaidi, unga wa chini upo, na katikati kuna madonge yanayonata ambayo moto haukuyafanya kitu.

#30 Mwl_Kongwa
Maji ya mvua hayana kalsiamu ya maana. Weupe umetokea. Mafuta ya njano ni asidi zangu.

#31 Sabuni_Changombe
Unga wa chini ni wangu.

#32 FundiMaji_Makole
Na madonge yapo kwenye kisima tu, hayapo kwenye mvua. Stiareti ya kalsiamu, yaani sabuni ya kalsiamu, haiyeyuki kwa moto mpaka uvuke nyuzi 150, maji yanayochemka hayaiwezi. Yangu hayo.

#33 Mwl_Kongwa
Tuyahakikishe. Kamua limau jingine juu ya madonge hayo na uchemshe. Kama ni sabuni ya kalsiamu, asidi ikizidi itaitoa kalsiamu na madonge yatageuka mafuta yapande juu.

#34 FundiMaji_Makole
Yakigeuka itakuwa imethibitika kwamba yalikuwa ya kalsiamu. Nakubali jaribio.

#35 Alizeti_Singida
Yasipogeuka pia haimaanishi siyo. Donge likinata nje asidi haiingii ndani. Liponde kwanza, na uchemshe muda mrefu huku unakoroga.

#36 MamaTausi_Majengo
Na shati la mtoto wa watu?

#37 Alizeti_Singida
Mama, aliloweke kwenye maji ya mvua ya moto yenye magadi. Asidi za mafuta zitageuka sabuni tena, zitajifua zenyewe.

#38 FundiMaji_Makole
Za mafuta ndiyo. Kama kuna za kalsiamu zitachelewa, magadi yanazila polepole na kuacha unga wa chokaa kwenye kitambaa. Suuza sana.

#39 Sabuni_Changombe
Silika ikishakauka kwenye uzi haitoki kwa magadi wala limau. Ndugu yangu usilianike kwanza, libaki limelowa.

#40 MjukuuWaChilonwa
Lilishakauka tangu juzi, lakini naliloweka usiku huu. Madonge nimeyahifadhi kwenye kopo, kesho nanunua malimau mengine. Asanteni wote.

#41 Zabibu_Hombolo
Ukimaliza na limau jaribu na juisi ya ubuyu. Nayo ina sitriki na tataiki, nataka kujua hiyo tataiki ikikutana na kalsiamu yako itatoa fuwele au la.